Gharama za Matibabu: Ni Heri Kulipa Ukiwa Mzima



Ukurasa huu wa afya umezoea kukueleza habari za choo, maji ya kuchemsha, chandarua na chanjo ya mtoto. Leo tuzungumze habari za fedha. Usishangae. Mimi ni tabibu msaidizi, nina cheti tu, na kazi yangu ni kupima watu na kuwapa dawa hapa Kikwajuni, mjini Unguja. Lakini mara nyingi, kabla sijajua mgonjwa anaumwa nini, huona usoni mwake swali jingine: "Je, nitatakiwa kulipa kiasi gani?"

Swali hilo huwafanya watu wakae nyumbani na homa siku tatu, wakingoja ishuke yenyewe. Huwafanya wengine wafiche baadhi ya dalili, maana wanajua wakizitaja watatumwa kupimwa, na kipimo kina bei. Kwa hiyo fedha nayo ni habari ya afya, kama maji machafu.

Nikupe mfano. Mzee mmoja mvuvi alikuwa na presha. Aliandikiwa vidonge vya siku 30, kimoja kila asubuhi. Siku ile dirisha la dawa halikuwa navyo, akaambiwa akanunue nje. Alikwenda duka la dawa akanunua vya siku 10, kwa sababu fedha aliyokuwa nayo ilitosha siku 10. Vilipokwisha alijiona mzima. Kichwa hakimuumi, macho hayamzunguki, akarudi baharini. Presha, ndugu msomaji, haipigi hodi. Mara ya pili alipokuja alibebwa na wanawe. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala. Kiharusi.

Piga hesabu sasa. Vidonge alivyovikosa si ghali. Watu hutumia fedha zaidi ya hiyo kwa vocha za simu. Lakini tangu siku ile nyumba imempoteza mtu mmoja wa kuvua, na mtoto mmoja hukaa nyumbani kumgeuza na kumlisha. Gharama iliyokwepwa mwezi mmoja imerudi ikiwa kubwa, na italipwa kwa miaka.

Bure ya mwaka 1964

Mtu akimwambia mzee wa hapa kwetu habari ya kulipia matibabu, hujibiwa haraka: "Karume alisema bure." Ni kweli. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilitangaza mwaka huo huo kuwa matibabu hayatalipiwa. Hospitali ya Karimjee Jivanjee ikapewa jina la V. I. Lenin, nayo ndiyo leo Hospitali ya Mnazi Mmoja. Madaktari kutoka China walianza kuja katika miaka hiyo. Ukisimama chini ya maghorofa ya Kikwajuni, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki miaka ya 1960, unaona kwa macho nia iliyokuwapo: mtoto wa mchukuzi na mtoto wa tajiri watibiwe kwenye kitanda kimoja. Mimi sikuwapo, nilikuwa bado sijazaliwa, lakini sioni aibu kusema kuwa nia ile ilikuwa njema.

Hata hivyo dawa hainunuliwi kwa tamko. Bomba la sindano lina bei, mipira ya mikono ina bei, na muuguzi anayekesha usiku ana watoto wa kulisha. Mgonjwa alipoacha kulipa, yuko mtu mwingine aliyelipa. Nani? Kwa sehemu kubwa ilikuwa ni karafuu. Serikali ilinunua karafuu kwa mkulima wa Pemba na Unguja, ikaziuza nje, na katika tofauti ya bei ikapata fedha za skuli na hospitali. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu hutiwa katika sigara. Kisha Indonesia wakapanda mikarafuu yao wenyewe. Katika miaka ya 1980 bei ya karafuu duniani ikaanguka, na makabati ya dawa yakaanza kuwa matupu.

Watu nao wameongezeka. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu karibu 476,000 Zanzibar nzima. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Ni karibu mara nne. Magonjwa yamebadilika pia. Zamani kazi kubwa ya zahanati ilikuwa homa ya malaria, kuhara na vidonda: unampa mtu dawa kwa siku chache, anapona, mnaagana. Siku hizi presha na sukari ni nyingi, na mgonjwa wake hatuagani naye. Anahitaji dawa kila siku mpaka mwisho wa maisha yake.

Ndiyo maana kwa miaka mingi "bure" yetu imekuwa ya mlangoni. Kuonana na daktari ni bure, lakini dawa isipokuwapo dirishani, nenda kanunue. Wenzetu wa Bara waliamua kusema waziwazi: mwaka 1993 ulianza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali za Serikali, na wajawazito, watoto wadogo na wazee wasio na uwezo wakasamehewa. Lakini kuchangia wakati wa ugonjwa kuna ila moja kubwa. Kunamdai mtu fedha siku ile ambayo hana. Aliyelala kitandani hakwenda kazini. Mama anayeuguza mtoto hakwenda kwenye mwani wala sokoni. Siku hiyo ndiyo mwenye duka la dawa, mwenye gari na mwenye kipimo wote wanamnyoshea mkono.

Upatu na bima si kitu kimoja

Basi fedha ikatwe lini? Jibu la bima ni hili: ikatwe kidogo kidogo ukiwa mzima, ikae pamoja na ya wenzako, imlipie atakayeugua.

Watu wengi wakisikia hivyo husema, "Ah, ni upatu huo." Hapana. Nami naomba hapa twende polepole, maana kosa hili ndilo linalovunja mifuko mingi. Katika upatu watu 10 wanatoa, kila mmoja zamu yake inafika, na fedha yake inamrudia yote. Katika bima zamu haifiki kwa kila mtu, na heri isifike. Unatoa mwaka mzima, huugui, na fedha imekwenda kwa mtu usiyemjua, pengine yuko Nungwi na wewe uko Makunduchi. Bima inafanana zaidi na chama cha kuzikana. Hakuna aliyewahi kulalamika kuwa ametoa mchango wa maziko miaka mitano na bado hajafiwa.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua kijiji chenye nyumba 100. Tuseme kila mwaka nyumba 5 zitapata mgonjwa wa kulazwa, na kila mmoja atagharimu shilingi 400,000. Jumla ni shilingi 2,000,000. Nyumba zote 100 zikichanga, kila nyumba itatoa shilingi 20,000 kwa mwaka. Hiyo haizidi shilingi 1,700 kwa mwezi.

Sasa tuseme nyumba 80 zinasema, "Sisi wazima, tutajiandikisha tukiugua." Zinabaki 20, na zile 5 zenye wagonjwa zimo ndani yake, kwani mwenye mgonjwa ndiye wa kwanza kujiandikisha. Gharama bado ni shilingi 2,000,000. Kila nyumba itatakiwa kutoa shilingi 100,000. Mwaka unaofuata wazima walio katika hizo 20 nao wanatoka. Mfuko umekufa, na hakuna aliyeiba hata senti.

Hayo si ya kubuni tu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Bara, NHIF, ulikuwa na kadi ya watoto iliyoitwa Toto Afya Kadi. Mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Ilikuwa rahisi na watu waliipenda. Lakini wazazi wengi walimwandikisha mtoto baada ya kuugua, wengine wakiwa tayari wodini. Malipo yaliyotoka yakazidi mno michango iliyoingia, na mwaka 2023 kuandikisha mtoto mmoja mmoja kukasimamishwa; watoto wakatakiwa kuandikishwa kwa makundi kupitia shule. Wazazi walilia, na mimi nawaelewa. Lakini ukirudi kwenye zile nyumba 100 utaona kilichotokea.

Mkulima na mvuvi watakatwa wapi?

Mwenye mshahara ni rahisi kumkata. NHIF ilipoanza kazi mwaka 2001 ilianza na watumishi wa Serikali: asilimia 3 ya mshahara inatoka kwa mtumishi na asilimia 3 kwa mwajiri, anatibiwa yeye, mwenzi wake na wategemezi wanne. Sisi Zanzibar tuna Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ZHSF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023, nao pia umeanza na wafanyakazi wenye mishahara. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote kwa upande wa Bara.

Lakini wewe unayesoma gazeti hili huko shamba, huna karatasi ya mshahara. Una dema, una mashina ya mikarafuu, una kamba za mwani. Mwezi mmoja una fedha, miezi miwili huna. Hapa ndipo penye ugumu wa kazi yote, na naona viongozi wanaokuja kuhutubia hupapita mbio mno.

Yupo wa kujifunza kwake. Mwaka 1996, katika wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora, ulianza kwa majaribio Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF. Igunga ni watu wa pamba. Kaya nzima ililipa mchango mmoja mdogo kwa mwaka, nao ulianza kwa shilingi 5,000. Serikali ikaongeza kiasi sawa na kilichochangwa. Utaratibu huo waliuita "tele kwa tele". Mwaka 2001 ikatungwa sheria ili wilaya nyingine zifuate. Baadaye, kuanzia mwaka 2018, mfuko uliboreshwa: kaya ya watu sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kadi ikaweza kutumika kutoka zahanati mpaka hospitali ya mkoa.

Pamoja na hayo, wananchi wengi hawakujiunga, na wengi waliojiunga hawakurudi mwaka wa pili. Sababu waliyoitaja sana haikuwa uvivu wala ujinga, kama tunavyopenda kusema sisi tuliokaa nyuma ya meza. Walisema: "Nimelipa, nimekwenda zahanati, nimeambiwa dawa hakuna." Mtu wa namna hiyo amelipa mara mbili, mara moja kwenye mfuko na mara moja dukani. Usimwambie habari za mshikamano. Mpe dawa kwanza.

Kwa maoni yangu, mchango wa mkulima ukusanywe wakati wa mavuno ya karafuu, na wa mama wa mwani ukusanywe siku anapouza, si Januari kwa sababu kalenda ya ofisi imeanza. Na asiye na kitu kabisa alipiwe na Serikali, jina lake litoke kwa sheha kimya kimya, asisimamishwe mbele ya foleni kuthibitisha umaskini wake. Nchi za Afrika zilikubaliana Abuja mwaka 2001 kwamba zitenge asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nyingi hazijafika hapo. Bima haiondoi wajibu huo. Mfuko ukichukua fedha kwa mwananchi huku bajeti ya afya ikipunguzwa, basi fedha imehama mfuko tu, na kabati ni lile lile.

Wakenya nao wako njiani. Tangu Oktoba 2024 bima yao mpya ya jamii inakata asilimia 2.75 ya mapato, na kiwango cha chini ni shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato yake, kisha hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Bodaboda na muuza mboga wameona jambo hilo ni zito, wala si ajabu.

Na sisi tunaotibu?

Watu hudhani bima inamhusu mgonjwa peke yake. Inamgeuza daktari pia, na inafaa ujue inavyomgeuza, ili uweze kumwuliza maswali.

Daktari akilipwa mshahara tu, hapati zaidi kwa kuona wagonjwa 60 kuliko 20. Wapo wanaofanya kazi kwa moyo, na wapo wanaoondoka saa nne. Akilipwa na bima kwa kila huduma, yaani kipimo kina bei yake na sindano ina bei yake, basi kituo kina faida ukipimwa vitu vingi. Utaingia na mafua utoke na karatasi tatu za maabara. Akilipwa kwa idadi ya watu walioandikishwa kwake, waje wasije, faida iko katika kuwapima kidogo, na hatari ni kwamba utarudishwa nyumbani mapema mno. Njia isiyo na ila hakuna. Nchi zinazofanya vizuri huchanganya, na huweka watu wa kukagua.

Halafu yapo makaratasi. Kwa kila mwenye kadi hujazwa fomu ya madai: jina, namba, ugonjwa, dawa, saini. Jina la kwenye kadi likiwa Mwanaisha na la kwenye kitambulisho likiwa Aisha, madai yanaweza kukataliwa, na kituo kimeshatoa dawa. Fedha ikichelewa kutoka mfukoni, kituo kinashindwa kununua dawa nyingine. Wewe unaona dirisha tupu na kumkasirikia aliyekaa nyuma yake. Wakati mwingine yeye ndiye mwenye kosa. Mara nyingi zaidi kosa liko mbali naye.

Ugomvi huo ulionekana wazi Bara tarehe 1 Machi 2024. NHIF ilianza kutumia bei mpya za kulipia huduma na dawa. Hospitali za binafsi zilisema bei hizo haziwatoshi, na nyingi zikaacha kupokea wenye kadi. Mfuko nao ulisema bei zimefanyiwa hesabu. Serikali ikaingia kati. Sitaamua hapa nani alikuwa sahihi, lakini fikiria aliyekuwa foleni asubuhi ile, kadi mkononi, michango yake imekatwa kila mwezi bila kukosa. Mkataba kati ya mfuko na hospitali ni sehemu ya matibabu yako, ingawa hukuuona wala hukuusaini.

Mgonjwa naye hubadilika akipata kadi. Kuna wanaokuja wakitaka dripu kwa uchovu wa kawaida, au sindano mahali ambapo kidonge kinatosha, "maana bima inalipa". Kadi si samaki kwamba usipoitumia leo itaoza. Dawa ya kuua vijidudu ikitumiwa ovyo huwafanya vijidudu viizoee, na siku utakayoihitaji kwa kweli haitakusaidia.

Kabla hujaugua

Ukiwa kwenye kazi yenye mshahara, mwulize mwajiri wako kama mchango wako unapelekwa. Kukatwa ni jambo moja, kupelekwa ni jingine. Mara kadi ifikapo, soma herufi kwa herufi majina ya mke, mume na watoto, na tafuta vyeti vya kuzaliwa vya watoto sasa, si siku mtoto anapopumua kwa shida.

Usiazimishe kadi. Najua ni vigumu kumkatalia ndugu. Lakini mdogo wako akitibiwa kwa kadi yako, ugonjwa wake unaandikwa kwa jina lako. Siku utakapoletwa hujitambui, daktari ataambiwa una sukari na wewe huna. Nimekwisha kuona mtu anaulizwa habari za dawa ambazo hajawahi kuzimeza.

Ukilipa chochote, hata shilingi 1,000, omba risiti. Asiyetaka kukupa risiti hana haki ya kuchukua fedha yako.

Ukiambiwa dawa hakuna dirishani, usikimbilie dukani. Rudi kwanza kwa aliyekuandikia. Mara nyingi kuna dawa nyingine ya kazi ile ile ambayo imo kabatini siku hiyo, na yeye anaweza kuibadilisha, usiibadilishe wewe. Ikiwa ni lazima kununua, mwambie akuandikie jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni. Kwa mfano, dawa ya presha iitwayo amlodipini huuzwa kwa majina mengi na katika maboksi ya rangi nyingi. Bei zinaachana sana, na dawa iliyomo ni ile ile. Jina lake la kweli huwa limeandikwa kwa herufi ndogo, chini ya lile kubwa. Kama huoni vizuri, nenda na mtoto wa skuli akusomee. Na fedha ikitosha siku 10 tu, nunua za siku 10, lakini urudi kituoni siku ya 9 utueleze, hata kama kichwa hakikuumi.